Buku Alikuwa na Mama? Maswali Yenu Kuhusu Watoto na Hadithi

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinahusu vitabu vya hadithi, vya watoto wadogo na vya hawa wanaoanza kubalehe, nadhani ni kwa sababu shule zimefungwa na watoto tunashinda nao nyumbani. Nimechagua sita. Ambao hamjaona barua zenu msikate tamaa, zote ninazo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka sita, ana vitabu vya hadithi kama kumi hivi lakini kila usiku anataka kile kile kimoja, jalada limeshatoka na mimi nimeshakikariri chote, nikimletea kingine anakisukuma. Ana tatizo au nimemdekeza? (Mama wa wawili, Tabata)

Jibu: Marahaba mama. Hana tatizo lolote na wala hujamdekeza. Leo usiku jaribu kitu kimoja, ruka ukurasa mmoja makusudi uone. Atakushika hapo hapo, atakwambia "bado hujasema kuhusu kuku". Yeye kitabu anakijua kuliko wewe, na raha yake iko pale, anajua kuku anakuja na anasubiri aje. Sisi wenyewe bibi akisema paukwa tukajibu pakawa, tulikuwa tunajua fisi ataangukia wapi na bado tunajikunyata kwenye khanga yake tukisubiri aanguke, sikumbuki hata mmoja wetu aliyesema bibi hiyo ulishatusimulia juzi. Kwa hiyo soma chake kwanza, kingine kiache tu karibu na mto wake, siku akikitaka atakifungua mwenyewe. Hilo jalada ulibandike na selotepu mkiwa wote wawili, ashike upande mmoja.

Swali: Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Nafundisha darasa la nne huku Geita, darasa lina watoto 90 na kitu. Nikisoma nao hadithi halafu nikauliza "tumejifunza nini?" wanajibu wote kama wimbo, "tumejifunza kuwa tusiwe wachoyo", hata kama kwenye hadithi hakuna mchoyo. Nifanyeje ili wawe wanaelewa wanachosoma? (Mwalimu, Geita)

Jibu: Nzuri mwalimu, na pole na hao 90. Nitakujibu kwa urefu maana hili swali limenikaa rohoni miaka mingi.

Hao watoto wameelewa vizuri sana. Wameelewa kwamba swali lako lina jibu moja, kwamba mwalimu analijua tayari, na kwamba ukishapewa hilo jibu mnafunga kitabu. Wanakupa unachokitaka. Ninaijua hali hiyo kwa sababu na mimi nimeuliza swali hilo hilo kwa miaka mingi, mpaka siku moja.

Siku hiyo tulikuwa tumekaa nje chini ya mwembe maana darasa letu lilikuwa linaezekwa upya. Nikawasimulia ile hadithi ya Sungura na asali ya Simba, wengi mnaijua lakini niieleze kidogo. Sungura ameona nyuki kwenye mbuyu, akamwalika buku, yule panya mkubwa, waende wakale asali, akamdanganya kwamba ni ya marehemu baba yake. Kumbe mwenye asali ni Simba. Simba akatokea chini ya mti anauliza nani yuko juu, Sungura akamnong'oneza buku, nifunge kwenye majani makavu, mwambie Simba asogee pembeni unatupa majani chini. Buku akafanya hivyo, majani yakaanguka na Sungura ndani yake, akachoropoka akakimbia. Buku akabaki peke yake juu ya mti, mwisho akashuka, Simba akamla. Baadaye Sungura akarudi tena kwenye ule mbuyu na kobe, akamponyoka Simba tena, mpaka Simba akaenda kumvizia nyumbani kwake, amejificha ndani. Sungura akifika mlangoni anapiga hodi, "Hujambo nyumba yangu!" Kimya. "Hujambo nyumba yangu! Mbona leo huitikii, kila siku unaitikia?" Simba kule ndani akaona aitikie yeye. Sungura akacheka akakimbia zake.

Pale kwenye "hujambo nyumba yangu" watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini kwenye mchanga. Nilifurahi sana. Halafu nikafanya kile nilichozoea, nikasimama nikauliza haya, hadithi hii inatufundisha nini? Kicheko kikakatika, watoto wakakaa vizuri, mikono juu, "tusiwe waongo", "tusiibe", "tusifuate marafiki wabaya". Watoto hao hao dakika moja iliyopita walikuwa wanamshangilia mwongo na mwizi kwa nguvu zao zote!

Sasa kulikuwa na msichana mmoja nyuma, mdogo wa mwili, hakuwa na kawaida ya kuongea. Akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, buku alikuwa na mama?"

Nikamwambia kaa chini, hilo halipo kwenye hadithi.

Usiku sikulala vizuri. Maana ni kweli, buku alikufa. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini pale chini ya mwembe, na mimi niliyekuwa nasimulia nikiwemo, na hakuna aliyemkumbuka, tumempita tukakimbilia kwenye kuchekesha, isipokuwa mtoto mmoja. Huyo ndiye aliyesikiliza hadithi kuliko sote na mimi nikamkalisha chini.

Kesho yake nikarudi nikamwomba radhi mbele ya wenzake, nikasema jana mwenzenu aliuliza swali, hebu tulijibu. Kipindi chote kiliisha wanabishana. Mmoja akasema mama yake buku alikwenda kumtafuta mpaka kwenye mbuyu akakuta nyuki tu. Mwingine akasema Sungura alitakiwa aende akawaambie wazazi. Hapo ndo moto ukawaka, Sungura aende msibani au asiende? Nusu wakasema aende lakini akae nyuma kabisa asionekane. Mvulana mmoja akasema atakwenda na asali awape wafiwa na mama buku atakataa kuila. Nilikaa kimya. Miaka yote niliyofundisha "tusifuate marafiki wabaya" sikuwahi kupata jibu kama hilo la asali, na hakuna aliyemfundisha.

Halafu fikiria hivi mwalimu. Hadithi hiyo ni ya zamani huku pwani, mzungu mmoja aitwaye George Bateman aliyezisikia hadithi za Zanzibar aliiweka kwenye kitabu chake cha Kiingereza kilichochapwa Chicago mwaka 1901. Wazee waliokuwa wanasimulia hadithi hizi walikuwa na namna yao ya kumalizia, ukiisikia vizuri utashangaa: kama hadithi yangu ni njema, wema wake ni wetu sote, na kama ni mbaya, ubaya wake ni wangu peke yangu. Yaani msimuliaji anajiweka yeye kwenye mizani, wasikilizaji ndo waseme. Sisi tumegeuza, tunamaliza hadithi tunawaweka watoto kwenye mizani. Sijui tuliipata wapi hiyo tabia, nadhani ni kwenye vitabu vyetu vya kiada ambavyo kila hadithi ina maswali chini yake.

Sisemi maadili hayana maana, na mimi nina watoto, nataka wawe na adabu. Nasema yatakuja yenyewe, yule mvulana wa asali alishaona kwamba kosa lingine haliondoki kwa zawadi, na mimi nisingeweza kumfundisha hilo kwa kuliandika ubaoni.

Kwa darasa la 90 fanya hivi. Ukimaliza kusoma usiulize kitu, kaa kimya kidogo, waache wacheke au wanune. Kisha wageukiane wanne wanne, kila mmoja awaambie wenzake wapi alicheka au alimwonea huruma nani au nini hakukipenda, dakika tano tu, kelele zitakuwepo zivumilie. Wewe pita katikati ya madawati usikilize. Utakachokisikia kimoja kikubwa kirudishe kwa darasa zima. Na mtoto akikuuliza swali ambalo halipo kwenye kitabu, tafadhali sana mwalimu, usimwambie akae chini.

Swali: Shikamoo mwalimu, niko kidato cha tatu Tanga. Nilipopata Takadini niliisoma siku mbili nikalia, lakini darasani tunaandika tu dhamira, ujumbe, falsafa, na wenzangu wengi wananunua uchambuzi wa kurasa kumi pale stationari, kitabu chenyewe hawajakishika. Wananiambia nimepoteza muda wangu. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba mwanangu. Hujapoteza hata dakika.

Kwa wasioijua, hiyo ni riwaya ya Ben Hanson, imewekwa katika jamii ya Washona kule Zimbabwe, mama anaitwa Sekai, anajifungua mtoto mwenye ualbino na kwa mila za pale mtoto wa namna hiyo hatakiwi kuishi, kwa hiyo mama anambeba anakimbia naye kijiji. Hapa kwetu mwaka 2007 na 2008 mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa nchi, hasa Kanda ya Ziwa, kitabu hicho kilibadilika mikononi mwa wasomaji. Mimi nilikuwa nasoma habari za Sekai huku redio inatangaza habari za jirani. Ukilia kwenye kitabu kama hicho umekisoma kama kinavyotaka kusomwa.

Kuhusu mtihani sasa. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili kwa mstari. Kushoto andika wewe, pale nililia, pale nilikasirika, pale sikuelewa kwa nini alifanya vile, na namba ya ukurasa. Kulia andika maneno ya mwalimu, dhamira, migogoro na hayo mengine. Baada ya wiki mbili utaona vile vya kushoto vinaanza kuingia kulia vyenyewe, pale ulipokasirika pana mgogoro, pale ulipolia pana dhamira. Hoja bila mfano kutoka kwenye kitabu haina nguvu, na wewe mifano unayo mingi tena ya kwako, aliyenunua zile kurasa kumi ana mifano mitatu ile ile ambayo nchi nzima wanayo. Na hao wenzako wasomee kwa sauti ile sehemu uliyolia. Usiwaambie kitu kingine, wasomee tu.

Swali: Mwalimu, nimemkuta binti yangu wa miaka 13 na simu ya mama yake anasoma hadithi za mapenzi, zile za "sehemu ya 14, itaendelea". Nilimnyang'anya nikamgombeza sana. Sasa ni wiki ya pili hanisalimii vizuri. Nilikosea? Mbona hata serikali ilipiga marufuku vitabu? (Baba, Arusha)

Jibu: Baba, kuwa na wasiwasi hukukosea, wewe ni mzazi. Ulipokosea ni kwamba ulichukua simu kabla hujajua anasoma nini.

Hilo la serikali unalolisema ni la Februari 2023, Waziri wa Elimu Profesa Adolf Mkenda alitangaza vitabu 16 visitumike shuleni kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi zetu, vingi vikiwa vya ule mfululizo wa hadithi za watoto za Kiingereza, Diary of a Wimpy Kid. Tangazo lile lilihusu shule. Nyumbani kwako msimamizi ni wewe na mama yake, na kusimamia kunaanza na kusoma.

Nikumbushe kidogo sisi tulikuwaje. Bweni letu lilikuwa na kitabu cha mpelelezi Willy Gamba, mhusika wa mwandishi Elvis Musiba, na kingine cha mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa, havina majalada, vinazunguka kitanda hadi kitanda, kila mtu anapewa usiku mmoja na tochi. Na gazeti la Sani lenye katuni za Madenge tulikuwa tunalifunika ndani ya atlasi. Hakuna mtu mzima aliyetupa vitabu hivyo, na mle ndani kulikuwa na mambo ambayo si ya umri wetu, hilo nalikiri. Lakini tulikuwa tunatafuta kitu. Mtoto akifika miaka kumi na mbili hadithi za sungura zimeshambana, za watu wazima bado zinampwaya, na hapo katikati vitabu vya Kiswahili ni vichache sana, vichache mno, hili linaniuma kila nikiingia duka la vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza hapa Tanzania mwaka 1991 umesaidia kutoa vitabu vingi vya watoto kwa Kiswahili na nawashukuru sana, ila binti wa miaka 13 anayetaka kujua moyo wake unamwendaje bado tunamwachia simu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwite, mwambie samahani kwa namna ulivyoongea, sema hilo tu usiliongezee "lakini". Siku nyingine muulize hadithi yenyewe inahusu nini, mwache akusimulie, nakuhakikishia ataanza kwa kununa na atamaliza kwa mikono. Sikiliza huyo msichana wa kwenye hadithi anatendewaje, akidanganywa anafanya nini. Kisha muombe akuonyeshe, usome sehemu mbili tatu mwenyewe. Zipo zinazoandikwa 18+ na hizo umwambie hapana kwa sauti ya kawaida na umpe sababu, zingine utakuta ni za kawaida kabisa, za shule na wivu na mama wa kambo. Usimpe kitabu cha maadili kama adhabu, atakichukia yeye na atakuja kukichukia na mwanawe.

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Asili yetu Unguja, tupo Muscat. Wanangu wana miaka minane na kumi na moja, Kiswahili wanakisikia kwa bibi yao tu, kusoma ni Kiarabu na Kiingereza. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili nitavipata vipi huku? (Baba, Muscat)

Jibu: Waalaykum salaam. Ingia kwenye intaneti utafute African Storybook, ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, wana hadithi fupi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, zote ni bure na unaruhusiwa kuziprinti. Zimepangwa kwa ngazi, wanao waanze na zile za chini hata huyo mkubwa, asione aibu. Ila hazina yako kubwa ni huyo bibi. Mrekodi kwenye simu akisimulia, muandike kama anavyosema yeye kwa Kiunguja chake bila kumsahihisha, ukurasa mmoja mistari mitatu minne, watoto wachore picha. Watakisoma hicho kabla ya chochote, maana sauti wanaijua. Na waache wamuulize maswali ya kijinga, mimi nimeshaeleza hapo juu habari za buku.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi niko darasa la nne Dodoma. Kwenye kitabu chetu cha hadithi kuna paka mwanzoni halafu hayupo tena. Mimi nasema amekufa mdogo wangu anasema amejificha. Mama anasema tuache kubishana ni hadithi tu. Nani amepatia?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mwandiko mzuri. Umenitajia jina la kitabu kwenye barua kwa hiyo nimekwenda kukitafuta, nimekipata Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi, sehemu ya watoto, nimekaa kwenye kile kiti kidogo nikakisoma mara mbili.

Paka yupo ukurasa wa nne, amelala mlangoni, hapo kila mtu anamwona. Sasa fungueni ukurasa wa kumi na moja, ile picha ya mama anateka maji. Angalieni nyuma ya mtungi, chini upande wa kulia. Ule si mkia? Mimi nimeusogeza karibu na dirisha nikauangalia sana, ni mkia. Kwa hiyo mpaka ukurasa wa kumi na moja mdogo wako amepatia, paka mzima na amejificha. Baada ya hapo nimetafuta kila picha mpaka ya mwisho, kweli hayupo, hata kwenye ile ya watu wote wanakula, na pana samaki pale mezani, jambo ambalo na mimi limenitia wasiwasi.

Mwambieni mama kwamba mwalimu naye anabishana. Halafu andikeni nini kilitokea kati ya ukurasa wa kumi na moja na wa mwisho, kila mtu yake, msiangaliziane, mnitumie zote mbili. Hata kwa penseli.